Kitochi Kimoja, Majaruba Mawili

Wazee wangu, akina mama, shikamooni. Wa rika langu, habari za mchana. Mwenyekiti ameniwekea kiti hapa mbele, namshukuru, ila nikikaa maneno yatanikwama. Mniache nitembee tembee.

Wengi mnanijua. Ndiye mimi kijana wa Kibaoni niliyetengeneza programu inayotuma zamu za maji ya majaruba ya mpunga kwa kikundi chetu cha mfereji. Siku moja kabla ya zamu yako simu inalia, unasoma: kesho, saa fulani, jaruba fulani, fika langoni. Usipofika, mgawa maji anampa anayefuata. Sheria hiyo tuliipitisha wenyewe. Leo nimekuja kusema nilivyoivuruga ile programu, na nani aliumia. Majina sitaji.

Msimu huu mlilalamika kwamba meseji zinajirudia. Mzee mmoja alinipigia: "We kijana, hiyo mashine yako ina kichaa? Kitu kimoja inaniambia mara tatu!" Nikamwambia leo leo inakwisha. Siku hizo nilikuwa nimeanza kutumia wakala wa akili mnemba. Huyu si wa kumuuliza swali akakujibu basi. Unamkabidhi folda nzima ya programu, anaisoma, anarekebisha, anaendesha majaribio mwenyewe, anakuletea ripoti. Nikampa lile kosa. Akamaliza chai yangu haijapoa. Nikajiona mjanja, nikamwita wakala wa pili amkague wa kwanza. Naye akasema sawa, majaribio yote yamepita. Kijani kutoka juu ya skrini hadi chini.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: ripoti sikuisoma. Niliangalia rangi. Nikaiwasha programu mpya, nikapanda basi kwenda Kidatu kwenye kibarua kingine.

Sasa sikilizeni. Huku mbele ya kijiji cha Mkula wapo akina mama wawili, majirani. Mmoja ana kitochi, kile kisimu cha vibonyezo, mwenzake hana simu. Namba ile moja imeandikishwa kwa majaruba yote mawili, na miaka yote mwenye simu akipata meseji ya mwenzake anamwita kwa sauti, kesho maji yako. Wengine wengi humu mnaishi hivyo hivyo, nimekuja kujua baadaye. Wakala yeye aliona namba moja inapokea meseji mbili. Akadhani ndiyo yale marudio. Akaifuta moja.

Yule asiye na simu akakosa zamu. Wiki iliyofuata akakosa tena, na mpunga wake ndiyo kwanza unatoa masuke, mnajua wenyewe maana yake. Akasimama anaangalia maji yanapita mbele ya jaruba lake. Yanaenda kwa nani? Kwa mwenye simu, maana anayefuata kwenye orodha ni yeye.

"Meseji yangu iko wapi?"

"Haijaingia, dada."

"Yako imeingiaje?"

Salamu zikakatika pale. Maneno yakatembea kijijini kwamba mama yule anaficha meseji za mwenzake ili anyweshe shamba lake. Katibu akanipigia, kwa upole kabisa: "Hebu angalia, pengine ni programu." Mimi nikapandisha mabega. Nikamjibu: "Mfumo umehakikiwa mara mbili. Muulizeni mwenye simu." Nikamtumia na picha ya ile skrini ya kijani. Akaionyesha mbele ya watu. Picha ile ndiyo iliyommaliza yule mama.

Nilipokata simu sikupata raha. Nikamuuliza wakala: una hakika? Ana hakika. Nikafunga kompyuta, nikafika mlangoni, nikarudi, nikafungua. Una hakika? Anayo. Ugali ukanishinda. Nikaenda sokoni, nikasahau nilichofuata. Siku ya tatu mke wangu akachoka na mizunguko yangu. "Unamuuliza yule yule aliyefanya kazi," akasema. "Unataka akujibu nini?"

Nikabeba kompyuta, nikaja huku.

Nilimkuta mgawa maji mferejini anakabidhi zamu. Aliyefungua lango akapiga kelele kutoka mbali kwamba maji yamefika. Mgawa maji akafungua daftari, ila hakuandika. Akamchukua anayepokea, wakatembea hadi mkiani mwa jaruba, yule akavua ndala akaingiza mguu. Ndipo mgawa maji akaandika. Nikamuuliza kwa nini asimwamini wa langoni, mbona ni mtu mwaminifu? "Mwaminifu sana," akasema. "Ila yuko langoni. Maji nayataka huku." Nilitamani kujificha.

Nikaenda kwa mwenye simu. Alinipa kitochi bila kunitazama. Nikakaa kwenye tuta, nikaiagiza programu itume meseji za majaruba yote mawili. Kikalia. Tukangoja. Nikakitikisa kama mtoto. Hakikulia tena.

Mama akasema taratibu, "Wiki mbili huyu jirani hajaniitikia salamu." Akalia, nami nikalia, sioni haya kulisema.

Pale pale kwenye tuta nikaisoma ripoti. Mstari wa tatu wakala aliandika: nimechukulia kwamba namba moja ya simu ni mkulima mmoja, tafadhali thibitisha. Aliniuliza, jamani! Mimi ndiye sikujibu.

Nikamwambia aandike jaribio la simu moja yenye majaruba mawili, aliendeshe kwanza kwenye programu mbovu nilione likishindwa. Likashindwa, jekundu, nikafurahi. Ndipo akarekebisha, likawa kijani, na bado sikuondoka. Tulikaa hadi kitochi kikalia mara mbili mkononi mwa mwenyewe.

Nusu ya mpunga wa yule mama asiye na simu ilitoka mapepe, maganda matupu. Hiyo haikurudi. Nusu iliyopona ni kwa sababu baadhi yenu mlimwachia zamu zenu, na Mungu awalipe. Namshukuru mgawa maji. Namshukuru mke wangu. Wakala bado namtumia, simkatai, anafanya kazi kuliko mimi. Lakini sasa nasoma anachoniandikia, na kazi haijaisha hadi nimeenda kwa anayepokea. Nanyi vijana mnaojifunza kazi hii, shikeni hilo tu.

Limebaki moja, ndilo lililonileta. Wale majirani wanasalimiana sasa, ila nasikia kisimani bado kuna watu wanamwita yule mama mficha meseji. Hakuficha. Hakuna meseji ya mwenzake iliyofika kwake. Niliizuia mimi, kisha nikamsingizia yeye kwa picha, mbele yenu. Mama, nisamehe. Na anayetaka kunong'ona tena kisimani, anitaje mimi.