Historia ya Aneth Kelestini, Aliyelijua Gome na Akanyweshwa

Padre, wafiwa wenzangu, majirani wa Katindiuka, na ninyi mliovuka daraja kutoka Lupiro, mimi niliishia darasa la tatu, na nimeambiwa nisome historia hii kwa sababu wasomi wa ukoo wanalia, kana kwamba macho yangu mimi ni ya mbao, basi nitasoma, ila nitasoma yote, na asiyetaka kusikia yote aende kule nyuma akasaidie kuosha masufuria.

Marehemu Aneth alizaliwa hapa Katindiuka tarehe 14 Machi 1993, mtoto pekee wa binti yangu Rosa na mumewe Kelestini, na Rosa alipofariki mwaka 1999 nilimchukua mimi, nikamlea kwa wali na makelele, kwa maana ndivyo vilivyokuwemo ndani. Alianza darasa la kwanza mwaka 2000, akamaliza la saba 2006, akamaliza kidato cha nne 2010, kisha akaenda Morogoro kusomea kazi za maabara, akarudi mwaka 2014 na cheti chake na tabia ya kunusa kila kitu kabla ya kukila, hata mboga zangu.

Mwaka 2015 aliajiriwa kwenye maabara ya mimea ya dawa hapa Ifakara. Watu walimwita mganga, naye hakuwa mganga, kazi yake ilikuwa kukausha magome na mizizi, kuvitwanga, kuviloweka kwenye spiriti, kuchuja, na kutafuta ndani yake mna nini na hicho kilichomo kinafanya nini, na kabla dawa haijafika kwa panya, sembuse mtu, walikuwa wanaijaribu kwanza kwa uduvi, vile vidudu vya maji ya chumvi, waone vitapona au vitakufa.

Jumamosi tarehe 7 Julai 2018 alifunga ndoa na Evod, muuza mitumba wa hapa mjini, na mimi nilisema siku ile kwamba kijana huyu mdomo wake unakimbia kuliko pikipiki yake, nikaambiwa bibi nyamaza, ule pilau. Mungu akawajalia Salvatory, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2020, na Agnella, aliyezaliwa tarehe 9 Desemba 2024, ambaye mnamsikia analia hapo nyuma, anatafuta ziwa.

Mwezi Septemba 2023 walikuja kula kwangu, Aneth akaniambia, "Bibi, kuna gome limeua uduvi wote kabla hatujanywa chai," gome la mti ambao siutaji jina, maana nawajua, kesho mtakuwa mmeshaubandua. Evod akaacha kutafuna, akasema, "Basi hiyo ndiyo dawa, dawa isiyoua ni chai." Aneth akamjibu, "Uduvi hana ugomvi na mtu, Evod, kafa kwa sababu kanywa, na wewe ukinywa hujui litakufanya nini, sisi wenyewe hatujui bado." Mwenzake alisikia neno moja tu, kuua, akalipenda, na haikupita miezi mingi akawa anachemsha lile gome, anatia kwenye chupa, anauza kwa homa, kwa tumbo, kwa nguvu za kiume, na kwenye chupa kaandika Imepimwa Maabara, na hilo halikuwa uongo, ila hakuandika vipimo vilisema nini. Aneth alipojua alimfokea mpaka majirani wakatoka nje, Evod akaapa ameacha, kumbe alihamishia biashara ng'ambo ya mto, huko Lupiro, ambako mkewe hakuwa na safari.

Ugonjwa wake ulianza Januari mwaka huu wa 2025, homa za jioni, za uzazi, ambazo zahanati wangezimaliza, lakini mume akaona anayo dawa, akaitia kwenye uji wa mkewe kwa siri, akafunika uchungu wake kwa tangawizi na sukari, na mwanamke aliyekuwa ananusa kila kitu alikuwa na mafua, akanywa, akashukuru. Tarehe 3 Februari tulimlaza, uso umevimba, mkojo umekata, na daktari akauliza mbele yangu, "Mgonjwa ametumia dawa yoyote ya kienyeji?" Evod akajibu, "Hapana daktari, sisi ni watu wa maabara," na Aneth, ambaye hakujua, akaitikia kwa kichwa. Basi mume akaendelea kuleta uji wodini kila asubuhi, watu wanamsifu, mnaona mwanaume huyo, mpaka siku niliyokwenda kuosha chupa ya uji nikakuta mashapo ya kahawia chini yake, nikampelekea Aneth, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akasema, "Bibi, hili ni gome letu." Daktari alisema angeambiwa siku ile ya kwanza angeuzuia ule uji, lakini sasa figo zilikuwa zimekwisha, na gari la kumpeleka Morogoro kusafishwa damu lilipokuwa linatiwa mafuta, Jumanne tarehe 11, akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliuliza swali walilopaswa kuuliza. Tunawashukuru majirani kwa kuni, maji na mahema, na wenzake wa kazini, waliochukua yale mashapo wakayapime. Aneth mjukuu wangu, kalale sasa, umechoka, watoto ninao.

Mnatazama kiti cha mfiwa, mnaona kiko wazi, basi mjue. Jana ukoo ulikaa, Evod akakiri, wajomba zake wakaleta ng'ombe wa fidia, nikawaambia ng'ombe haendi Lupiro kugonga milango, na kule watu wanakunywa ile dawa hata leo hii. Evod aliomba azike kwanza, atie udongo wake, halafu aende. Nilimwambia udongo upo siku zote, figo za watu hazingoji. Amevuka daraja tangu alfajiri na mkwewe Kelestini nyuma ya pikipiki, mlango kwa mlango, anasema kwa kinywa chake alichompa mkewe na alichomjibu daktari, anazirudisha chupa zake. Padre, tumshushe, mumewe hatumsubiri.