Mzee wa Maumbo na Kola Iliyokataa Kujengeka

Mzee wetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa mpishi wa shule na mama mfuma sweta. Akiwa na miaka sita alifumua sweta la baba yake ili aone lilianzia wapi. Mama yake akamwuliza, "Sasa baba yako avae uzi?"

Alihitimu ufundi wa redio mwaka 1981, akaajiriwa idara ya maji. Huko, nyuma ya makabati ya mafaili, alikuta kompyuta isiyo na mwenyewe. Ndani yake akafuga miraba ya kwenye skrini, mingine hai, mingine mfu. Mraba wenye majirani hai wawili au watatu huendelea kuishi. Wakizidi au wakipungua, hufa. Na mfu akizungukwa na watatu kamili, huamka. Kwa sheria hiyo ndogo yalizaliwa maumbo yaliyoelea kwenye skrini kama mawingu ya mchana. Akaandika programu ya kuyaorodhesha, kila umbo na namna linavyojengwa: vipande vingapi vinavyoteleza vigonganishwe, na kutoka upande gani.

Tarehe 6 Agosti 1988 alimwoa fundi cherehani. Alipooneshwa ile skrini mara ya kwanza, mchumba alisema, "Majirani wakizidi unakufa? Basi hiyo ni nyumba niliyopanga mimi." Walijaliwa mabinti wawili.

Umbo moja, ambalo mkewe aliliita Kola kwa kufanana na kola ya shati, lilimtesa miaka kumi na moja. Kila alipolijenga lilivunjika mwishoni. Februari 2024 figo zilipogoma, aliomba jambo moja tu: asiondoke kabla ya kujua linajengwaje.

"Baba, si uandike tu halijengeki?" binti mkubwa alimshauri.

"Huo uongo, mama. Andika hatujajua."

Alasiri ya tarehe 2 Mei, kando ya kitanda cha hospitali, mkewe aliuliza, "Kwani unalijenga kwa kipimo chake kilekile?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo? Mume wangu, kola hukatwa ikiwa na ziada. Ukishashona ndipo unapunguza."

Mzee akaomba kompyuta ya binti iletwe kitandani. Kisha akaelekeza, binti akiandika: ongeza kipande pembeni, halafu tuma kingine kije kukifuta. Vipande kumi na tisa vikateleza taratibu, vikagongana, vikayeyuka. Kola ikabaki peke yake, imetulia. Kwenye nafasi ya mgunduzi akaandikisha: Mke wangu.

Alifariki tarehe 5 Mei, saa nne asubuhi, pazia likipepea.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na orodha ya maumbo 4,312, ambayo mjane ameahidi kuyapitia yote, maana anaona mengi yamebanwa mno. Apumzike kwa amani. Kazi imebaki kwa mwenye mkasi.