Fomu Niliyoificha Majuma Matatu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mimi ninayetetemeka hapa mbele, maana karatasi hii nimeiandika upya mara saba na bado siiamini.

Mnanijua kama Riziki, yule dada anayewasomea Neno kila Jumapili bila kukwama. Ndugu zangu, nilikuwa nawadanganya! Pasta hunipa mistari Alhamisi. Naisikiliza kwenye simu mpaka yote inakaa kichwani. Jumapili nafungua Kitabu, macho yanashuka ukurasani, mdomo unasema nilichokikariri. Herufi hazijawahi kutulia mbele yangu. Shule niliiacha kwetu Uvira, Kongo, nikiwa na miaka kumi na miwili, Kiingereza nimejifundisha mwenyewe hapa Johannesburg kwa kusikiliza redio, na hofu yangu ilikuwa moja tu: mtu aone ninavyoandika.

Mwaka 2017 nilipata kazi ya mwalimu msaidizi katika shule ndogo ya Troyeville. Nilikuwa nafika kabla ya wote, nanakili ubaoni herufi kwa herufi, nafuta, naandika tena. Watu walinisifu kwa bidii. Ilikuwa woga.

Darasani alikuwemo Divine, binti wa miaka tisa, mtoto wa Mama Divine anayesuka nywele Marshalltown. Alikuwa anarudia darasa la pili. Walimu walisema, "Ni lugha tu, nyumbani kwao wanaongea Kiswahili." Lugha gani! Mama yake akimsemesha Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, na Kizulu anakiongea kuliko sisi wote. Siku moja alinisomea ukurasa mzima bila kosa. Nikatazama kitabu chake: alikuwa amefungua ukurasa mwingine kabisa. Nilijua papo hapo. Ulikuwa ujanja wangu mwenyewe! Na nikafanya nini? Kwenye ripoti yake niliandika neno moja: mvivu.

Muhula ule mwalimu wa darasa alifiwa, mwalimu mkuu akanituma mimi kwenye mafunzo ya Jumamosi, Braamfontein. Mkufunzi alisema sera ya serikali haimruhusu mwalimu kumwita mtoto mvivu na kuishia hapo. Ni wajibu wake kumchunguza, kujaza fomu na kuipeleka kwa kamati ya shule, ili mtoto asaidiwe: asomewe maswali, aongezewe muda. Akaeleza disleksia, hali ya mtu mwenye akili timamu kuhangaika na maandishi. Alipotaja dalili zake, nilikunja miguu chini ya kiti. Alikuwa ananisema mimi.

Nilirudi na fomu ya Divine kwenye mkoba. Ikakaa humo majuma matatu. Majuma matatu, ndugu zangu! Nilitakiwa kuijaza kwa mkono wangu, palepale shuleni, na kamati ingeona makosa yangu. Nilianza kwa penseli, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Nikaomba nyingine. Mwalimu mkuu alikuwa ameshasema: fomu isipofika kabla ya Ijumaa, Divine hana nafasi shuleni mwaka ujao.

Jumatano Mama Divine akaja getini na mtoto. Wazee wangu, mnisamehe nikilisema hili mbele yenu: mlikuwa mmempangia mtoto mfungo wa siku tatu, kufukuza roho ya ujinga. Nami nilikuwepo kwenye maombi yale. Nilisema amina, kwa sauti.

Divine akanivuta sketi, akaniambia kwa Kiingereza chake: "Teacher, nimefunga toka jana. Lakini herufi bado zinatembea."

Nikakaa kwenye ngazi.

"Mpe mtoto chakula, Mama Divine. Hana roho yoyote. Ana kitu nilicho nacho mimi."

"Weye? Weye unayetusomea Neno?"

"Sisomi, mama. Nakariri."

Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akajishika ubavu. "Eish! Na miye kila siku namwambia huyu, soma kama dada Riziki!"

"Ndivyo anavyosoma," nikasema, nikalia.

Divine alikula mandazi ya spaza, kile kiduka cha mtaani, pale pale, na pembeni yake nikajaza fomu kwa kalamu ya wino, herufi zikigongana, nikikata na kuandika juu yake. Nikaipeleka kabla miguu haijabadili nia.

"Imejaa makosa, Riziki," mwalimu mkuu alisema.

"Ndiyo, mama. Ni yangu. Lakini niliyoyaona kwa mtoto ni kweli."

Akaisoma mpaka mwisho, akagonga muhuri.

Wazee wangu, mliambiwa mtoto amekatiza mfungo kwa kuumwa tumbo; leo mmejua ukweli. Divine anasomewa maswali, na mwaka huu yuko darasa la tatu. Mimi sikufukuzwa kazi, ingawa kila Jumatatu bado nangoja nifukuzwe. Ndivyo nilivyo, Mungu anajua, na hajaniacha. Namshukuru! Na wewe unayeficha kitu kwenye mkoba, mwamini, kitoe na makosa yake yote.

Mstari wa leo nilipewa mimi. Nimemwomba pasta amwachie Divine ausome. Hakuukariri, amekataa. Atachukua muda mrefu, na atakwama. Ndugu zangu, nawaomba, mtu asimdokezee. Tumngoje.

Njoo, Divine.