Nguo Yangu Haikuvuliwa Barazani

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Niacheni nisimame, maana leo nikikaa kimya nitapasuka.

Mimi Damari ni mtu wa Ihumwa. Njaa ilimaliza wazazi wangu ningali mdogo, nikalelewa huku na kule. Nilipoolewa nilidhani taabu zimekwisha. Kumbe! Siku moja nauza maziwa pale reli inapojengwa, mfanyabiashara mmoja wa misafara akanikamata mkono. Akasema mimi ni mjakazi wake aliyetoroka, eti alininunua kwa mtama wakati wa njaa ile. Ndugu zangu, nilikuwa na mtoto mgongoni! Angeshinda, angenichukua, na mwanangu angebaki bila ziwa.

Tukafikishwa bomani mbele ya Bwana Shauri, yule hakimu Mjerumani. Walionijua utotoni walikwisha kufa wote. Yule mtu akadai nina alama iliyofichwa na nguo, basi nivuliwe baraza lote lione. Na baraza lilijaa! Askari, wapagazi, wazee wetu, hata baba mkwe! Kwetu Ugogo kupita tu mbele ya mkwe ni shida, sembuse kusimama uchi.

"Vua, tumalize," akasema Bwana Shauri.

Nikamwita Yesu kimoyomoyo, na hapo kinywa kikafunguka! Nikasema, "Bwana mkubwa, huyu ana haki ya kuleta ushahidi wake. Sikatai kuangaliwa. Lakini hawa wote mwili wangu unawahusu nini? Na hiyo alama aitaje kwanza iko wapi, asije akanitazama ndipo achague."

Mzungu akatufikiria wote wawili. Kisha akaamua: yule bwana ataje mahali, kila upande uchague mama mtu mzima mmoja, nao waniangalie chumbani, pale palipotajwa tu.

Akataja kovu la moto, nyonga ya kushoto. Mimi nikamchagua jirani yangu, Bibi Mbeleje. Yule mfanyabiashara akamchagua Mama Zena wa Kondoa, mpishi wake wa siku zote. Hapo niliogopa kweli, siwafichi.

Tulipotoka chumbani, Mama Zena ndiye aliyetangulia kusema, tena mbele ya tajiri yake: "Wallahi, kovu hakuna. Sitamsingizia binti wa watu."

Haleluya! Bwana Shauri akatamka kwamba mimi si mtumwa wa mtu! Nikapiga vigelegele peke yangu, akina mama wakanipokea.

Askari mmoja mdaku akataka kujua waliona nini kingine. Bibi Mbeleje akamkata kauli: "Tumeulizwa nyonga ya kushoto, baba. Tumejibu."

Ndugu yangu uliyekaa hapo na huna wa kukutetea, mwamini Yesu leo! Mimi niliingia bomani nakokotwa. Nikatoka kwa miguu yangu, mwanangu mgongoni, tena nimevaa!