Fundi Aliyerudi Kufungua Kuta Zake

Ndugu waombolezaji, familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya mjomba wangu, fundi seremala, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Joto.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa babu yangu mpasua mbao na bibi yangu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1972, akaingia chuo cha ufundi, akahitimu useremala mwaka 1976, akafanya kazi katika karakana ya milango, kisha akajitegemea, akijenga vyumba vya mbao katika bustani za watu. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na mshonaji wa mapazia, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi, na kijana ambaye ni fundi kama baba yake.

Mji wetu una baridi, na vyumba vyake vilisifika kwa joto. Alisimamisha miimo ya mbao, akajaza katikati sufi ya kioo, ile ya manjano inayozuia baridi na kuwasha mikono, akaifunika kwa nailoni, akapigilia mbao za nje, na ndani akamalizia kwa plaiwudi iliyopigwa msasa hadi ikateleza. Lakini nailoni ile aliiweka upande wa nje wa sufi, kwa kuwa aliamini adui wa ukuta ni mvua, wala hakujua kwamba mvuke wa pumzi na wa birika hutoka ndani, hupenya kwenye sufi, hukutana na nailoni yenye baridi na kugeuka maji, basi kuta zikaoza kimyakimya huku wenyewe wakizisifu.

Chumba alichokipenda kuliko vyote alimjengea mama yake, mwaka 2001. Bibi alikohoa humo miaka mingi, akafariki tarehe 2 Julai 2009, na mjomba alipobandua plaiwudi ili ahamishe dirisha, aliikuta sufi imelowa chepechepe, imeporomoka chini kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, na miimo imekuwa myeusi kwa ukungu. Daktari hakusema chumba ndicho kilichomuua, wala hakuna ndugu aliyemnyooshea kidole, ila mwenyewe hakujisamehe.

Tangu hapo aliwarudia wateja wake, mmoja baada ya mwingine, akifungua kuta, akitoa sufi mbovu, akiweka nailoni upande wa ndani, na nje karatasi inayopitisha mvuke. Wengine walimfukuza, na mwalimu mmoja mstaafu alimwambia, "Fundi, wenzako wanarudi kuomba kazi, wewe unarudi kubomoa!" kisha akampisha apite. Nyumbani hapakukalika, kwani kazi mpya hakuzitaka, hata mkewe akamwambia mbele yetu sote, "Baba watoto, kuta za watu unazifungua, hii ya kwako inaanguka, huioni?" wakakaa miezi bila kusemezana.

Mwaka 2021 alianza kubanwa na kifua, akalazwa mara kwa mara, na katika siku zake za mwisho alimwomba mwanawe amalizie kuta zilizobaki; kijana alitazama dirishani, asijibu, na tarehe 19 Mei 2023, asubuhi, baba yake akakata roho akiwa bado anasubiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kukesha nasi, na mafundi wenzake waliomtengenezea jeneza.

Kabla hatujamshusha, familia ina ombi moja, kwamba yeyote anayelala katika chumba alichokijenga mwaka 2009 au kabla yake, hata kama ukuta unaonekana mzima, amwone mwanawe leo hii, asione haya, kwa maana kijana amekubali, na aliyemtaka akubali ni mama yake, ambaye jana alisema mbele ya ndugu wote, "Nenda kazifungue, mwanangu. Baba yako nilimzuia, wewe sikuzuii."

Mjomba, umejibiwa. Sasa pumzika, na amani iwe nawe.