Kaka Yetu, Fundi Makochi Aliyegeuza Safu ya Ushambuliaji

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa kifungua mimba wa baba mwashi na mama mshonaji. Sisi wadogo zake tulirithi nguo zake zikiwa na viraka alivyovishona mwenyewe.

Alisoma shule ya mtaani kwetu, na sekondari akaishia kidato cha pili, baba alipoanguka kazini akavunjika nyonga. Aliingia karakana ya samani akiwa mfagiaji, akatoka fundi makochi. Miaka ya baadaye, alipoanza kufundisha timu ya watoto, watu walimtania, "Fundi makochi kawa kocha!" Naye alikuwa akijibu, "Kutoka kochi hadi kocha nimebadilisha herufi moja tu, kelele za nini?"

Mwaka 1986 alimwoa mkunga wa zahanati, ambaye leo ni mjane wake. Walijaliwa binti mmoja. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea uwezo wa kusikia akiwa na miaka mitatu. Wazazi wakajifunza lugha ya alama, na kaka, vidole vimejaa gundi, akawa mwepesi kuliko mkewe.

Binti huyo alipenda mpira kufa. Mwaka 2001 alichezea timu ya baba yake, akiwa mshambuliaji wa mbele kabisa. Wenzake walimpigia kelele kutoka nyuma, "Mtu huyo! Geuka!" Hakusikia, na mipira ikaporwa miguuni pake. Mwenyekiti wa timu akamfuata kaka karakanani.

"Fundi, damu nzito kuliko maji, tunaelewa. Lakini timu si ya familia. Mpumzishe mtoto."

"Mtoto hana kosa," kaka alisema. "Tumemweka mahali ambapo kila anayemhitaji yuko mgongoni kwake. Hata wewe ungepotea."

Akatandaza kipande cha sponji sakafuni, akapanga vifungo vya makochi. Kifungo cha binti akakivuta nyuma. Wengine wawili akawasukuma mbele, mmoja kila upande, ili wote wawe machoni pake. Anayetaka pasi anyooshe mkono. Mechi ya kwanza walifungwa manne. Kaka aliona kwamba wale wawili wamekaa mbali mno, pasi za watoto haziwafikii, akawasogeza karibu. Tangu hapo mabao yakaanza kuja, mengi yakitoka miguuni kwa binti. Timu nzima ikaacha kupiga kelele. Ilishangilia kwa kupunga mikono hewani, na wazazi nje ya uwanja wakaiga. Fainali walifungwa, kombe likaenda kwa wengine. Kaka alirudi nyumbani akiimba, na aliimba vibaya sana.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Upasuaji uliokoa uhai wake kwa muda, ila sauti ikaenda. Sisi tuliokuwa na ndimi zetu tulikaa kando ya kitanda tumeduwaa, huku yeye na binti yake wakipiga soga kwa mikono hadi muuguzi akawaomba wapunguze kucheka. Alifariki nyumbani Jumapili ya tarehe 9 Juni 2024, asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Jana tulipokuwa tukiikumbuka sauti yake, binti alituambia kwa alama, "Ninyi mnayo sauti ya kukumbuka. Mimi naitamani mikono yake."

Ameacha mjane, binti na mkwe, wajukuu wawili, wadogo zake watatu, na vijana wa timu yake, ambao sasa ni watu wazima na ndio waliombeba leo. Mungu amlaze pema. Tangulia, kaka. Nyumba ni ileile, lakini bila wewe imekuwa kubwa mno.