Marcella Gesare Ondieki, Aliyevaa Suruali ya Ndugu Yake (1945–1978)

Dada yetu Marcella Gesare alizaliwa tarehe 9 Agosti 1945 huko Nyaribari, Kisii, kifungua mimba wa Mzee Orina na Mama Mellen. Mwaka wa 1952 baba alipata kazi kwenye shamba la chai nje ya Kericho, tukahamia kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Mimi Momanyi, ninayesoma haya, ndiye niliyemfuata kwa kuzaliwa, na makofi yake nayajua.

Alisoma shule ya shamba hadi darasa la nane, 1960. Kichwa alikuwa nacho, lakini msichana hakupewa nafasi ya kuendelea. Mwaka uliofuata akaanza kuchuna chai.

Wengi mnamkumbuka kwa mchezo wa Jumapili, 1 Juni 1969, Sikukuu ya Madaraka. Aliutunga mwenyewe, wa kuchekesha, kuhusu Kemunto, mama wa zamani aliyevaa koti na suruali ya marehemu kaka yake mwaka wa 1934, akajifanya mwanamume, akaandikwa kazi ya kukata msitu, kazi ya wanaume. Marcella ndiye angekuwa Kemunto. Wakati huo alikuwa mchumba wa Lazarus, na baba yake Lazarus, Mzee Ondieki, mzee wa kanisa, alituma neno: "Akivaa suruali mbele ya watu, arusi hakuna." Mama alimlilia aache. Marcella akajibu, "Kemunto alivaa miaka miwili, Mama. Mimi ni saa moja tu." Alimpenda Lazarus, na alikuwa na hofu, lakini alivaa. Suruali, leo niseme ukweli, ilikuwa yangu.

Mzee Ondieki alikuja, akaketi benchi ya mbele ukumbini, mikono kifuani. Marcella akaingia na masharubu ya masizi, akitembea kama nyapara, watu wakacheka. Kisha akaendea mzigo wa kuni. Mwanamume hubeba begani. Marcella, kwa mazoea, akakunja kitambaa kuwa kata, akajitwika kichwani. Na Kemunto hakutakiwa kugunduliwa mpaka mwisho! Watu wakapiga kelele, "Huyo ni mwanamke!" Dada akasimama pale, kuni kichwani. Nilijua mchezo umekufa, na arusi pia.

Ndipo Mzee Ondieki akainuka. "Mwacheni huyo kijana," akasema. "Bega lake linauma."

Ukumbi mzima ulicheka, Marcella akapata nguvu, mchezo ukafika mwisho. Baadaye Mzee alituambia alikuwa amesahau kwamba ni mchezo. Hakutaka yule kijana afukuzwe kazi. Baada ya hapo angekataaje arusi? Ilifanyika Kiptere tarehe 14 Desemba 1969, na yeye ndiye aliyeomba baraka.

Mwaka wa 1972 Marcella akawa karani wa mizani, mwanamke wa kwanza shambani kwetu. Alisoma uzito kwa sauti ili kila mchunaji asikie.

Oktoba mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Kericho, akatuacha asubuhi ya Jumanne, 14 Machi 1978, Lazarus akiwa amemshika mkono. Inatuuma sana. Ameacha mume, watoto watatu, Kemunto, Kepher na Elmina, wazazi, mkwe wake Mzee Ondieki, na sisi ndugu zake.

Kwa desturi, jeneza hubebwa na wanaume. Jana wachunaji sita, akina mama, walikuja kuomba wambebe. Wazee wakakataa. Mzee Ondieki akasema, "Mabega yao hayaumi."

Akina mama, karibuni mbele. Mchukueni taratibu, na Mungu ampe dada yetu pumziko la amani.